Ukurasa wa Nyumba ya Mwalimu Kabwe

Rumonge, Mtaa wa Waswahili
5 Julai 1961

Kaka yangu Mbaraka,

Amahoro. Barua hii naomba ikukute umekaa vizuri na macho yako bado yanaona uzi na sindano. Sisi huku tunajikokota. Mvua zimekwisha, vumbi limerudi barabarani, na ndagala, dagaa wenu hao, wamekuwa wengi hata watu wa Gitaza wanakosa mchanga wa kuwaanikia. Paa la nyumba ya Baba limeanza kuachia upande wa uani. Nimepigilia bati moja, mengine yatasubiri. Kifua kinanibana kidogo asubuhi, lakini ni vumbi hilo hilo.

Sasa nikupe habari ya kukuchekesha. Dada yako amekuwa karani. Watu wa komini, utawala wa hapa mjini, walitafuta mtu wa kuandikisha wapiga kura wa mtaani kwetu kwa uchaguzi wa Septemba, kwa sababu wanawake walikataa kukaa mbele ya kijana wasiyemjua. Wakaniletea daftari na kalamu ya wino. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, kwa hiyo lawama zote ni zako.

Nilifikiri sana nikae wapi. Nikachagua zahanati ya kiwanda cha mawese, siku ya Jumanne, kwenye benchi la wasio na karte, kadi ya kiwanda. Benchi lenyewe unalijua. Wafanyakazi wa kiwanda, na walioandikwa kwenye karte zao, bado wanaingia mlango wa mbele siku yoyote. Sisi wengine tunangoja Jumanne, siku ambayo wenyeji wanatibiwa bila kulipa, kama dawa zimebaki. Asiye na karte hana haraka, anangoja tu. Basi nikawapata wote mahali pamoja. Watu arobaini na mmoja kwa Jumanne mbili, na mimi nimo.

Wanasema hivi: mjumbe atakayekuja kuomba kura zetu tutamwambia neno moja tu, kwamba Jumanne moja kwa wiki haitoshi.

Kwenye fomu kuna safu ya asili. Mzee Maneno, yule anayeshona nyavu, alisimama wima kama anapigwa picha. "Andika Kasongo! Babu yangu alitoka Kasongo na pembe ya ndovu begani. Mimi si mutu wa jana."

Jirani yetu Sikujua, aliyekaa karibu naye, akamwuliza, "Na hiyo Kasongo iko upande gani, muzee?"

Maneno akanyoosha kidole kuelekea milima ya Kizuka. Benchi zima likacheka, hata wenye homa. Kasongo iko ng'ambo ya ziwa, yeye ameipeleka mashariki! Lakini niliandika Kasongo kama alivyosema. Wengine wakasema Ujiji, wengine Tabora, wengine Manyema, kila mmoja kwa sauti kubwa kuliko aliyemtangulia. Nimeandika yote kwa mwandiko mzuri.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanvua


Ujiji
27 Julai 1961

Mdogo wangu Mwanvua,

Nimefurahi kuona mwandiko wako kabla hata sijasoma ulichoandika. Hapa tu wazima. Kazi ya kujalidi vitabu haijanitupa; juma hili nina misahafu sita na vitabu vya hesabu vya shule ya misheni, vyote vimekaa mezani pamoja na havijagombana. Mariyamu anakusalimu sana. Huku mazungumzo ni uhuru wa Desemba, na kila mtu amekuwa mwanasiasa, hata mwuza maziwa.

Barua yako ilichukua siku kumi na tisa. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili sikucheka. Safu ya asili, Mwanvua, usiijaze hivyo. Ofisi haiulizi babu wa mtu alitoka wapi, inataka kujua kama mtu ni wa hapo. Watu wetu wakiulizwa asili hujibu kwa fahari, kama wanavyojibu harusini, na karani asiyewajua atasoma jambo jingine kabisa. Andika walikozaliwa. Maneno amezaliwa hatua mia moja kutoka sokoni Rumonge, na Kasongo hajawahi hata kuiota.

Kama orodha bado iko mkononi mwako, ianze upya.

Wako,
Mbaraka


Rumonge
11 Agosti 1961

Kaka Mbaraka,

Amahoro. Tuko hivyo hivyo. Shangazi wa Kizuka amepata mjukuu wa kike. Barua yako ilifika juzi. Orodha ilikuwa imetoka mkononi mwangu tangu tarehe kumi na tano mwezi wa saba, na ilikuwa imekwisha kurudi.

Imerudi na penseli nyekundu. Majina yote arobaini na moja yamepigwa mstari, na pembeni wameandika kwa Kifaransa: wageni. Mimi pia. Bint Kabwe, asili Manyema, mgeni. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Hilo la kura ningelimeza. Lakini komini wameipeleka nakala zahanati. Jumanne iliyopita muuguzi alikuwa nayo mezani. Akaita, akatazama karatasi, akasema, "Wewe ni mgeni. Wageni wanalipa." Jirani yetu Sikujua ana mguu uliovimba mpaka ngozi inang'aa. Alirudi nyumbani nao kama alivyokuja. Tulikuwa na Jumanne moja, nami nimewapotezea hata hiyo.

Hakuna anayenilaumu. Ingekuwa afadhali wanilaumu. Maneno alikuja mlangoni kwangu, akasema, "Mwanvua, mimi nilitaka kujisifu tu."

Nimekwenda biro, ofisi ya komini. Karani si mtu mbaya. Anasema mwenye ushahidi kwamba alizaliwa hapa atarudishwa, lakini mwisho ni tarehe tano Septemba. Ushahidi gani? Nani wetu ana karatasi ya kuzaliwa? Ndipo nikakumbuka daftari la Baba. Kila nyumba ya mtaa na ukurasa wake: nani kazaliwa, nani kaoa, nani kafa, siku gani. Ulilichukua mwaka aliokufa ukasema unakwenda kulijalidi.

Lipe miguu, kaka. Uje nalo wewe mwenyewe. Wewe ni mkubwa, ulikuwa karani wa kiwanda, watakusikiliza. Miaka kumi na tano bila kurudi ni mingi kwa safari ya siku mbili.

Mwanvua


Ujiji
28 Agosti 1961

Mdogo wangu,

Hongera kwa mjukuu wa Shangazi. Mariyamu amenunua kitambaa cha mtoto, nimekifunga humu.

Daftari hilo analo Nasoro, mfanyabiashara wa dagaa, ambaye amenipa neno lake kwamba litalala ndani ya boti yake mahali pakavu. Nimelitia jalada jipya la ngozi. Kurasa chache zilikuwa zimeliwa na mchwa, nimezitengeneza kadiri nilivyoweza.

Mimi sitaweza kuja. Magoti hayaniruhusu kupanda na kushuka botini. Utawasomea wewe, nawe unaisoma hati ya Baba vizuri kuliko mimi.

Wako,
Mbaraka


Rumonge
9 Septemba 1961

Kaka,

Amahoro, na murakoze, asante sana. Nasoro alifika tarehe tatu na daftari halikupata hata tone. Kitambaa nimekipeleka Kizuka.

Tulikwenda biro siku ya pili yake, watu wote arobaini na mmoja, na Sikujua tukambeba kwenye kiti. Karani alilifungua, akaona herufi za Kiarabu, akacheka. "Hii mimi siwezi hata kujua iko juu ama chini." Akawaita wazee wawili wa msikiti wakae kushoto na kulia kwangu, wahakikishe sizui. Nikasoma. Nyumba ya Maneno: "Amezaliwa Rumonge, mwezi wa Rajabu, siku ambayo boti ya Asmani ilizama." Maneno akalia mbele ya watu. Nyumba kwa nyumba, nikasoma mpaka sauti ikakauka, na karani akafuta mistari yake myekundu mmoja mmoja.

Arobaini wamerudishwa.

Baba alipanga nyumba zetu mwanzoni mwa daftari kwa namba. Yetu ni ya ishirini na tatu. Nilifungua ishirini na mbili, nikageuza, nikakuta ishirini na nne. Nikarudi. Nikageuza tena. Watu wakafikiri nimechoka. Karani akaniuliza, "Mama, umesoma ya watu wote. Yako iko wapi?" Wengine wakacheka, walidhani ninatania.

Nikamwambia mchwa wameila.

Kaka, nimeipapasa kwa kidole sehemu ile karibu na uzi. Mchwa hawakati kwa wembe.

Karani ameniongezea muda kwa heshima ya kazi niliyofanya, mpaka siku ya kura yenyewe. Nasoro anarudi kwako na barua hii kesho alfajiri. Mpe ukurasa huo. Sikuulizi kitu kingine.

Mwanvua


Rumonge
19 Septemba 1961

Kaka Mbaraka,

Amahoro. Nasoro amerudi jana mchana. Anasema alikupa barua yangu mkononi, ukaisoma umesimama, ukamwambia jibu litafuata kwa posta.

Jana hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kura. Wanawake waliniomba niwasindikize kwa sababu hawakujua mlango wala foleni. Nikapanga foleni nao tangu kabla ya jua. Tulicheka njia nzima. Zena, mmoja wao, alikuwa amevaa nguo ya harusi ya bintiye. Tulipofika mlangoni nikajitoa pembeni, nao wakaingia mmoja mmoja. Kila aliyetoka alinishika mkono. Maneno akaongeza neno. "Ningeweza kukupa yangu, Mwanvua, ningekupa nusu."

Halafu wakaenda nyumbani kwa Zena kula wali. Nilialikwa. Sikwenda.

Leo ni Jumanne. Wao wako kwenye benchi, na Sikujua mguu unaanza kupungua, amechomwa sindano mbili. Mimi karatasi ya zahanati bado inasema mgeni, nami nafasi ya kulipa sina. Niko nyumbani na mlango wazi, nawasikia wakipita wakizungumza.

Mwanvua


Ujiji
4 Novemba 1961

Mdogo wangu Mwanvua,

Pole, na pole kwa nchi yenu nzima. Redio ilipotangaza kwamba waziri mkuu wenu amepigwa risasi, watu wa mtaa wetu waliotoka huko walifunga maduka na kukaa vibarazani bila kuambizana. Nilitaka kuandika siku ile ile. Nikaandika mistari mitatu nikaacha.

Nasoro ananiambia unakohoa. Hukuniambia kama ni hivyo. Nimekwenda hospitali ya Kigoma, nimeeleza hali yako kama alivyoieleza yeye, wamenipa chupa mbili za dawa, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Kunywa baada ya chakula. Usikae kwenye moshi wa samaki.

Mvua za kwanza zimeanza. Mariyamu anakusalimu.

Wako,
Mbaraka


Rumonge
21 Novemba 1961

Kaka,

Dawa nimepokea. Ukurasa sijapokea.

Orodha ya wapiga kura inafunguliwa tena kwa masahihisho mwezi wa kwanza, siku kumi tu.

Mwanvua


Ujiji
10 Desemba 1961

Mwanvua,

Jana bendera mpya ilipandishwa Kigoma. Vijana wa mtaa walinipa kiti cha mbele. Nilipigwa picha. Nikarudi nyumbani, nikafunga mlango wa chumba cha kazi, nikaitoa karatasi hii mahali ilipo, ambapo hata Mariyamu hapajui. Sasa iko ndani ya barua hii. Nimeikunja mara moja tu ili wino usipasuke.

Nilitaka niitume bila neno. Lakini nawe umeniandikia mistari miwili, na hiyo mistari miwili imekaa mezani kwangu siku nyingi kuliko kitabu chochote.

Upande mmoja wa karatasi ni kuzaliwa kwako. Upande wa pili, mstari wa mwisho, mwandiko wa Baba, mwaka arobaini na sita: "Aziza binti Kalume, mke wa Mbaraka, amefariki Jumanne kwenye benchi la zahanati. Karte ya mumewe haikuwa na jina lake."

Baba alikuwa hivyo. Hakuandika uongo, hata kwa mwanawe.

Karte ilikuwa na nafasi ya mke mmoja, nami nilikuwa na wawili. Mimi ndiye niliyekuwa karani, karte zote za kiwanda zilipita mikononi mwangu, na yangu niliijaza mwenyewe. Mariyamu alikuwa na mimba. Aziza alikuwa na nguvu za watu wawili, hajaugua tangu nimuoe. Nikaandika Mariyamu. Haikunichukua hata dakika moja, wino ulikuwa bado mbichi nikageukia kazi nyingine.

Ile homa ilipomshika, nilimwambia achukue karte aende nayo, waulize jina ajibu Mariyamu, nani angejua. Mimi nilibaki ofisini, tulikuwa tunapima mafuta. Dresa wa zahanati ndiye aliyenieleza baadaye. Aliulizwa jina, akajibu Aziza. Wakamrudisha kwenye benchi.

Watu wa Rumonge wanadhani nilifuata biashara Ujiji. Wewe pia sijui unadhani nini. Kwa miaka yote humtumii Mariyamu salamu, nami nimekuwa nikijifanya sioni.

Sasa neno la mwisho, nalo ndilo baya. Karatasi hii sikuikata zamani. Niliikata Agosti, siku moja kabla ya kumpa Nasoro daftari. Nilikuona mawazoni umekaa pale biro, na benchi zima linasikiliza, unasoma nyumba ya ishirini na tatu kwa sauti. Nilijua jina lako liko nyuma ya mstari ule. Nilijua, Mwanvua, na wembe ulikuwa mkali.

Wasomee. Soma yote.

Mbaraka


Rumonge
9 Januari 1962

Kaka yangu Mbaraka,

Amahoro. Hapa mvua ni nzito, ziwa limekula uwanja wa kuanikia mpaka kwenye mawe. Sikujua anatembea. Shangazi wa Kizuka anauliza lini utakuja kumwona mjukuu wake, nami namjibu kama ninavyomjibu kila mwaka.

Ukurasa ulifika siku ya nne ya masahihisho. Nikaupeleka biro peke yangu, wazee wa msikiti wakaja wakasimama. Nikasoma: "Mwanvua, binti wa Kabwe, amezaliwa Rumonge, alfajiri ya Ijumaa." Karani akaandika. Halafu akaigeuza karatasi. "Na huku nyuma, mama, wanasemaje?"

Nikamwambia, "Huku nyuma ni watu wa nyumbani."

Akasema sawa, akapiga muhuri. Ndiyo hivyo tu. Hakutazama mara ya pili. Wazee nao waliona, wanajua kusoma, mmoja akashusha macho. Kisha wakaniaga.

Leo nimekaa kwenye benchi. Jina langu liko kwenye karatasi ya wenyeji. Muuguzi ameweka sikio la chuma mgongoni kwangu, amesikiliza muda mrefu kuliko nilivyopenda. Amesema nirudi kila Jumanne. Sikumwuliza mpaka lini, naye hakusema. Wale tuliowapigia kura, yaani waliopigiwa na wenzangu, hawajaongeza siku ya pili. Maneno anawaandikia barua kila mwezi, yaani mimi namwandikia, yeye anasema.

Sasa la kwako. Unasema hujui mimi nadhani nini. Mimi sidhani, kaka. Nilikuwepo. Wewe ulikuwa unapima mafuta, mimi nilimshika mkono njia nzima kutoka nyumbani. Dresa alikuambia aliyoyasikia kutoka mezani kwake, mengine hakuyasikia. Alipoulizwa jina, mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake, na mimi nilimnong'oneza: "Sema Mariyamu. Wifi, sema Mariyamu tu, uingie." Alinigeukia. Homa ilikuwa imemfanya macho mekundu, lakini alikuwa anacheka, unamjua. Akasema, "Wewe Mwanvua, na nikifa humo ndani, watamzika nani?"

Kisha akamjibu dresa jina lake, akarudi kwenye benchi, akaniegemea.

Nilimwosha mimi. Baba aliandika mstari ule mimi nikiwa nimemshikia taa ya mkono, na aliponiuliza kama ni kweli nilimwambia ni kweli. Sikukuandikia haya kwa sababu hukuuliza. Miaka kumi na tano umeuliza habari za mvua, za paa, za bei ya mawese. Hujauliza hata mara moja kaburi liko upande gani.

Liko mstari wa tatu ukitokea barabarani, baada ya kaburi la mama. Palizi yake tunaifanya sisi wa benchi, kila mwisho wa mfungo. Halina jiwe. Baba alisema jiwe ataweka mume.

Mdogo wako,
Mwanvua